Agripa wa Ijuganyondo

Haya yanayoandikwa hapa hamtayaamini. Hata waliokuwepo hawayaamini, na baadhi yao ni wazee wa kanisa ambao wameshaamini mambo makubwa zaidi. Lakini yaliyompata Lwakatare wa Ijuganyondo kwa sababu ya jina lake ni kweli tupu, kuanzia kisigino mpaka utosi. Yanaandikwa kwenye benchi la Yunus, fundi cherehani wa Miembeni, na kila mstari unasomwa kwa sauti kwa kuwa Yunus anataka kusikia na miwani yake imevunjika. Lwakatare mwenyewe yuko hatua chache kutoka hapa, mlangoni pa duka lake la baiskeli, amechuchumaa mbele ya tairi kama kawaida yake. Mwenye shaka amwulize.

Huyu Lwakatare, kabla hajawa mtu wa kuandikwa, alikuwa kijana wa kibanjani, shambani kwao, kama wengine. Baba yake alikufa mapema, akabaki na mama yake, Kokubanza, pamoja na migomba na mibuni michache. Baiskeli alijifunza kwa Mhindi mmoja wa mjini, kwa njia ya kufungua kila kitu kisha kushindwa kukirudisha, mpaka siku moja kikarudi. Baada ya hapo akajiona. Alitembea kama mtu anayesubiriwa mahali. Ukimpa baiskeli yako atie upepo tu, aliizunguka kwanza akiwa ameshika kiuno, akaguna, akatikisa kichwa, hata ukaanza kuiaga.

Alipoamua kubatizwa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Siku zile mtu mzima aliyetaka ubatizo alikaa darasani kwa mwalimu wa dini mpaka makalio yaote sugu, na mwisho wa darasa aliulizwa anataka aitwe nani. Sheria ilikuwa moja tu: jina liwemo ndani ya Biblia. Watu wetu hawana uvumilivu wa kupekua, kwa hiyo walichukua yaliyo juu juu. Kina Yohana walijaa mpaka ukiita Yohana sokoni, nusu ya soko inageuka na nusu nyingine wanaulizana kama walioitwa ni wao. Wenye tamaa walichukua Sulemani, wakaishia na mke mmoja na mbuzi mwenye kikohozi.

Lwakatare hakutaka kugeuka sokoni pamoja na watu. Alitaka jina la mfalme, tena mfalme ambaye Bukoba nzima hakuna aliyemgusa. Jumapili moja akampata. Lilisomwa neno la mfalme Agripa, jinsi alivyoingia barazani kwa fahari kubwa, na maakida, na wakubwa wa mji, na yule dada yake, Bernike, ubavuni. Lwakatare alikaa wima kwenye benchi. Aliiona baraza ile kwa macho yake: askari wamepiga saluti, Bwana DC amevaa kofia yenye manyoya ya ndege asiyejulikana, watu wamesukumwa nyuma ya kamba, na katikati anapita yeye, Lwakatare, hatazami kulia wala kushoto.

Jumapili iliyofuata neno liliendelea. Siku hiyo Lwakatare alikuwa nyuma ya kanisa, amepiga magoti kweli, lakini si kwa sala. Mzee mmoja alikuwa amepata pancha njiani na hakutaka kurudi Kitendaguro kwa miguu. Hivyo Lwakatare aliona mfalme akiingia barazani, na hakumwona akitoka. Yote yaliyofuata yalizaliwa na pancha hiyo.

Mwalimu wa dini aliitwa Kaijage, mtu mpole mwenye njaa ya kudumu.

“Agripa,” alisema Kaijage. “Una hakika?”

“Waitu mwalimu,” alisema Lwakatare kwa heshima ya Kihaya, “si limo kwenye Biblia?”

“Limo.”

“Si mfalme?”

“Ni mfalme.”

“Basi mwalimu, mbona unaniangalia hivyo?”

Kaijage alifungua mdomo amweleze habari ya mfalme yule mpaka mwisho. Halafu akanusa ndizi zikipakuliwa nyumbani kwake, akaona habari ni ndefu, akaufunga mdomo. Lwakatare akabatizwa Agripa.

Kuanzia hapo hakuna aliyepumua. Alipata rangi nyekundu iliyobaki kwa Mhindi, akaandika AGRIPA kwenye madigadi ya nyuma ya baiskeli yake kwa herufi kubwa, ili anayempita ajue amempita nani, na anayepitwa ajue zaidi. Ukimwita Lwakatare hakusikia. Mama yake alisimama mlangoni akaita jina alilopewa kijana na baba yake, likapita juu ya migomba likarudi lilivyo. Mwishowe akabadili.

“Mfalme,” aliita Kokubanza, “njoo ubebe mkungu huu, ufalme wako utaanguka kwa njaa.”

Hapo alisikia.

Yunus naye, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na msafara, akabaki Bukoba kwa sababu ya mwanamke na akasingizia mvua, hakumpa nafasi. “Mfalme, kuna raia hapa, tairi lake limekaa chini. Sisi jina letu ni la mtu aliyemezwa na samaki. Hatujivuni, tunashona.”

Mambo yangekwenda hivyo mpaka uzeeni. Lakini siku moja Adventina akaja kwa Yunus kupimwa gauni. Alikuwa binti wa Bartholomayo wa Kitendaguro, mrefu, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo. Alisoma madigadi herufi kwa herufi, kisha akatazama mikono ya mwenye baiskeli.

“Mfalme gani ana grisi mpaka kwenye viwiko?”

Wengi walikuwa wamemcheka Lwakatare, na wote aliwajibu. Huyu hakumjibu. Alibaki ameshika spoku mkononi kama mtu aliyesahau baiskeli ina magurudumu mangapi. Gauni lile lilihitaji kupimwa tena wiki iliyofuata, na tena, mpaka Yunus akasema hajawahi kuona mwili unaobadilika haraka namna hiyo, na kama wameshakubaliana waende kwa wazazi, yeye anataka benchi lake.

Kwa wazazi ndiko kulikokuwa na Bartholomayo.

Miaka ile uamsho ulikuwa umeipita Buhaya nyumba kwa nyumba. Watu waliungama hadharani, wakarudisha majembe waliyoiba, wakamwaga rubisi, pombe yao ya ndizi, wakaimba mpaka asubuhi. Bartholomayo aliungama dhambi zake zote mpaka zikaisha. Zilipoisha akaanza kuungama za majirani. Ukikutana naye njiani ulijikagua kwanza. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeendewa kuposwa binti.

Mshenga alikuwa mjomba wake Lwakatare, kaka yake Kokubanza, mtu aliyesoma mpaka darasa la tatu na kuelewa mpaka la saba, mwenye sauti nzuri na sura ya kupendeza hata kwa umri wake. Waliketi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kikapita, kila mmoja akachukua punje zake. Badala ya rubisi ililetwa chai, nyeupe kwa maziwa, na mjomba aliinywa kwa ujasiri. Kisha akasema. Alisema habari za ukoo, za kibanja, za ufundi, za tabia, na wengine waliokuwepo wanasema hata kuku walisimama kusikiliza.

“Umesema vizuri,” alisema Bartholomayo. “Jina lake la ubatizo nani?”

“Agripa, waitu.”

Bartholomayo alinyoosha mkono, akaletewa Biblia, akalamba kidole, akasoma neno lote la ile Jumapili ya pili. Huyo mfalme, baada ya kuingia kwa fahari, alihubiriwa. Alipoona mahubiri yanamkaribia, alimuuliza Paulo kama anadhani atamgeuza kuwa Mkristo kwa maneno machache hivyo. Halafu akainuka akaenda zake.

Lwakatare alisikiliza, punje ya kahawa ikiwa shavuni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia mwisho.

“Hakuhubiriwa na Kaijage,” alisema Bartholomayo, akifunga kitabu. “Kwa Kaijage hata mimi ningeinuka. Alihubiriwa na Paulo mwenyewe, akakataa. Mimi niliyeokoka, binti yangu aitwe mke wa Agripa?”

“Ta Bartholomayo,” alisema mjomba, “aliyekataa ni yule. Huyu amebatizwa.”

“Amebatizwa kwa jina la aliyekataa. Ni kuoga kwa tope.” Akamgeukia Lwakatare. “Kijana, sina neno na mikono yako, baiskeli yangu inaijua. Lakini kuna karani wa kahawa ameuliza habari za Adventina, naye anaitwa Timotheo. Mkutano wa uamsho wa mwezi ujao utakuwa hapa kwangu. Uje na jina lisilonitia aibu, au usije.”

Lwakatare alikwenda kwa Kaijage mbio kuomba Paulo, au hata Yohana, akageuke sokoni na wenzake. Kaijage alitikisa kichwa. Ubatizo si shati, alisema, kwamba likikubana unarudisha dukani. Lwakatare akamuuliza kwa nini hakumwambia habari ya mfalme mpaka mwisho. Kaijage akasema ndizi zilikuwa zimeiva.

Jioni alimkuta Adventina anateka maji chemchemini, akamweleza yote kwa uso wa msiba.

“Nami nilikwambia ubadili jina?” aliuliza Adventina. “Mimi nakutaka hivyo ulivyo, na madigadi yako. Kazi yako ni moja tu, umnyamazishe baba.”

“Nani amewahi kumnyamazisha baba yako?”

“Hakuna. Ndiyo maana sijaolewa mpaka leo.” Akajitwika mtungi. “Timotheo ana meno mazuri, lakini anaongea habari za kahawa tu. Fanya haraka.”

Usingizi ukamhama. Dukani alitia viraka mahali pasipo na tundu. Yunus alimvumilia, mwisho akazuia cherehani kwa kiganja.

“Huyo Agripa wako alikuwa mfalme wa nani?”

“Wa kule kwa Wayahudi.”

“Aliwekwa na nani?”

Lwakatare alifikiri. Kaijage aliwahi kufundisha hilo. “Na Warumi.”

“Sasa unalia hapa kwangu kwa nini? Warumi si wapo Muleba?”

Asicheke mtu. Kwetu, ukisema Warumi, mtoto mdogo anakuonyesha kanisa lao. Ni wale wa kanzu nyeupe na rozari, na Mlutheri akipita mbele ya misheni yao anaongeza mwendo. Lwakatare aliliona jambo likifunguka kama mnyororo uliopata mafuta. Kama mfalme aliwekwa na Warumi, na Warumi wenyewe wapo, tena wanatunza kila karatasi, basi wao ndio wanaojua alimalizaje. Huenda baadaye, uzeeni, aliokoka. Huenda habari ziliwafikia Warumi tu na Walutheri hawakuambiwa kwa chuki. Akirudi na neno hilo, Bartholomayo atasema nini?

Aliondoka alfajiri. Aliikanyaga baiskeli vilima vya Kanazi na mteremko wa Muhutwe, mvua ikampiga, jua likamkausha, mvua ikampiga tena, na alipofika Muleba herufi za madigadi zilikuwa zimefunikwa na udongo, akaonekana mtu wa kawaida. Kwenye misheni alimkuta padri mzee, Mhaya mwenzetu, aliyekuwa akifundisha Kilatini wavulana wanaotaka upadri. Alikuwa na ugoro puani na baiskeli yenye mnyororo uliolegea ukutani.

“Mlutheri,” alisema Padri baada ya kumtazama tu.

“Umejuaje, Padri?”

“Umeingia umejishika kama mtu anayeogopa kuibiwa. Sema.”

Lwakatare alisema. Aliuliza kama mfalme Agripa aliokoka. Padri alijizuia kwa heshima asicheke, kisha mabega yakaanza kutikisika.

“Mwanangu, huyo mfalme alikufa bila kutuaga. Sijui. Lakini jina hilo si lake. Tengeneza mnyororo wangu, nikwambie la nani.”

Lwakatare akachuchumaa, Padri akavuta kigoda. Akamweleza kwamba Warumi wa kale, si hawa wenye rozari, walikuwa maskini wa majina ya kwanza kama watu wa mwezi wa njaa walivyo maskini wa mboga. Walikuwa na Marko, Gayo, Lukio, Tito na mengine machache, na vizazi vyote vya wanaume vikagawana hayo hayo. Agripa lilikuwa mojawapo katika siku za kale kabisa, baadaye likaacha kutumika hivyo, likabaki jina la nyuma, la nyumba. Halafu akatokea jemadari, Marko Agripa, rafiki mkubwa wa Kaisari, mshindi wa vita vya merikebu.

“Huko kwa Wayahudi,” alisema Padri, “Herode alimpenda sana huyo jemadari, kama watu wanavyowapenda wenye askari. Mjukuu akazaliwa, akapewa jina la bwana mkubwa. Mfalme wako ni mtoto wa mjukuu huyo, na jina ni la baba yake. Kama hawa wa kwetu wanaowaita watoto Joji kwa sababu ya picha iliyotundikwa ofisini kwa DC.”

Lwakatare alisimama kukaza. Jemadari. Hilo si baya. “Na maana yake, Padri? Ni mshindi?”

Padri alivuta ugoro, akasubiri, akapiga chafya.

“Wenye elimu wao wa zamani waliandika kwamba Agripa ni mtoto aliyezaliwa kwa taabu. Aliyetanguliza miguu.”

“Miguu?”

“Miguu. Wenzake wanakuja kwa kichwa, yeye anakuja kwa nyayo. Mmoja wao aliandika kuwa ni mkosi, na kwamba katika wote waliozaliwa hivyo jemadari yule karibu ndiye peke yake aliyepata bahati, tena naye miguu ilimtesa. Wasomi wa siku hizi wanasema huenda si hivyo. Mimi sikuwepo.” Akaujaribu mnyororo, akaridhika. “Na huyo Bartholomayo wenu mwambie kwamba mapokeo yanasema mtume wa jina lake alichunwa ngozi mzima mzima. Kama jina linamvuta mtu kwenye mambo ya mwenye jina, aangalie ngozi yake.”

Safari ya kurudi Lwakatare hakumpita mtu. Alikwenda Muleba na mfalme, anarudi na jozi ya nyayo. Kila alipoinamisha kichwa aliiona miguu yake inapanda na kushuka kwenye pedeli, akahisi inamcheka. Huko nyuma mjini nako maneno hayakukosekana. Mtu alikuwa amemwona akiingia misheni, na kabla hajafika Kanazi Bukoba nzima ilikuwa imeshajua kwamba Agripa amekuwa Mrumi, amepewa rozari na kuku wawili.

Kokubanza alikuwa anamenya ndizi. Lwakatare aliitupa baiskeli kwenye mgomba, akakaa chini.

“Mfalme amekufa,” alisema. “Padri wa Muleba ameniambia mimi ni nani. Mimi ni mtu niliyetoka kwa miguu.”

Kisu kikasimama.

“Na yeye amejuaje?” aliuliza Kokubanza. “Siku hiyo alikuwa wapi?”

“Siku gani, mama?”

“Alijificha wapi? Tulikuwa mimi na bibi yako tu, na mlango ulifungwa.”

Lwakatare alimtazama mama yake. Mama akatazama ndizi.

“Ulitoka kwa miguu,” alisema taratibu. “Mimi nilishakata tamaa. Bibi yako, marehemu, ndiye aliyekuvuta. Akasema tusimwambie mtu, hata baba yako, kwa kuwa watu watasema mtoto aliyekuja anatanguliza miguu hakuja kukaa, amekuja kuondoka. Kila ulipougua nililikumbuka neno hilo. Nilipoona umebatizwa na unaziba pancha, nikasema basi, amekaa.”

Hapa ndipo wasioamini hufungia masikio. Katika Biblia yote, katika kina Yohana na kina Danieli wote, mtu anachagua kwa majivuno jina moja lililoachwa, na jina hilo lina habari ya kuzaliwa kwake ambayo hata baba yake hakuwa nayo. Yunus mpaka leo anasema Kokubanza aliitunga palepale, kisu mkononi, ili mwanawe apate mke. Akiulizwa, Kokubanza hujibu kwamba Yunus akazae kwanza.

Mkutano wa uamsho ulifanyika Jumapili mchana uani kwa Bartholomayo, watu wamejaa mpaka kwenye mibuni. Timotheo wa kahawa alikuwa mstari wa mbele na meno yake. Lwakatare alikaa nyuma na mjomba wake, watu wakimtazama kifuani kama rozari itaonekana. Zikaimbwa nyimbo, zikatolewa shuhuda. Kanuni ya shuhuda ilikuwa ya Bartholomayo mwenyewe, aliiweka wakati zake zilipokuwa ndefu: ushuhuda haukatwi. Roho akimwinua mtu, asimamishwe na Roho tu.

Akainuka Kokubanza. Tangu abatizwe hakuwahi kushuhudia, kwa hiyo watu walifurahi, wakapiga makofi.

“Nina ushuhuda juu ya mwanangu na jina lake,” alisema. “Mnasema ni jina la mfalme aliyekataa. Mimi sikusoma. Lakini wenye jina wanasema ni la mtoto anayekuja kwa miguu, naye alikuja kwa miguu. Mungu alijua, mimi nilificha. Leo naeleza.”

“Bwana asifiwe,” alisema Bartholomayo, akiwa bado hajajua kinachokuja.

“Uchungu ulinishika asubuhi nikiwa napalilia,” alisema Kokubanza. “Nikaingia ndani. Nilikuwa nimechuchumaa hivi, nimeshika nguzo.” Akaonyesha. Wazee wa mbele wakatazama paa la nyumba ya jirani. “Kwanza ukaja mguu wa kushoto. Kisigino. Bibi yake akapaka siagi, si kidogo, kibuyu kizima, akaingiza mkono—”

“Ma Kokubanza,” alisema Bartholomayo, “yatosha, tumeamini.”

“Bado sijafika magotini.”

“Yatosha kwa Bwana.”

“Ushuhuda haukatwi, Ta Bartholomayo. Ni neno lako. Basi, mguu ukawa nje na mtoto hatoki, na mimi—”

Wanawake walikuwa wameanza kusogea mbele. Wanaume walikuwa wameanza kusogea nyuma. Mzee mmoja alikumbuka ng’ombe wake. Timotheo wa kahawa, ambaye hakuwa na mke na alikuwa amekula vizuri mchana huo, alikuwa rangi ya majivu, na meno hayakuonekana. Kokubanza alifika kwenye nyonga. Alieleza nyonga kwa mikono yote miwili.

“Jina ni lake,” alisema Bartholomayo haraka, amefumba macho. “Tumelikubali. Amelipata kwa haki.”

“Na binti?”

“Na binti, mama. Kaa chini.”

“Nikae kabla ya mabega?”

“Kaa, waitu. Nakuomba. Binti ni wenu, na mabega.”

Kigelegele kilitoka jikoni kabla ya mtu mwingine kupumua, na kila mtu alijua ni cha nani. Mjomba hakukosa nafasi. Alimwinamia Bartholomayo sikioni, akampa salamu za Padri, zile za mtume na ngozi. Tangu siku ile Bartholomayo havai shati la mikono mifupi hata jua likiwa kali.

Hivyo Lwakatare alipata mke, na jina akabaki nalo, lakini ufalme ulikwisha pale pale uani. Bukoba nzima ilikuwa imeshaziona nyayo zake zikitoka. Akipita Miembeni kwa fahari, mtu anamwuliza kama anaenda au anakuja. Wateja wakileta baiskeli wanaiingiza dukani kinyumenyume, eti kwa heshima ya fundi. Alinuna msimu mzima. Adventina ndiye aliyemtoa, siku aliyochukua brashi mwenyewe, akairudia rangi ya madigadi iliyokuwa imefifia, herufi kwa herufi.

Lakini kwanza ilikuwepo harusi, na harusi ile Bukoba haijaona nyingine. Waliotoka kanisani walikuta baiskeli ya Agripa imepambwa maua mpaka haionekani chuma. Bibi harusi akapanda nyuma, juu ya jina, na nyuma yake zikafuata baiskeli za mji wote, kuanzia Kitendaguro mpaka ufukweni, kengele zikilia kwa sauti moja. Bwana DC alitoka ofisini akavua kofia yake ya manyoya. Padri wa Muleba alikuja na mnyororo wake uliokazwa, akalia kama Mlutheri. Na mbele kabisa, kwenye usukani, alikaa mjomba wake na mwavuli, akiwapungia watu, wakati viboko walipoinua vichwa majini, nao wakafungua midomo, na wote kwa pamoja waka—

“Mjomba,” alisema Agripa, bila kuinua macho kwenye tairi, “siku ile baiskeli ilikuwa na pancha. Tulikwenda kwa miguu.”